Namba Mbili za Redio ya Babu

Nyumbani kwetu (bado nalizoea neno hili!)
Tarehe 9

Mpendwa Mjomba,

Basi simu ilipokatika nilikuwa ndiyo kwanza naanza. Lakini shikamoo kwanza! Goti linaendeleaje? Na Bibi, kifua kimetulia? Sisi wazima, tena mimi nimenenepa kwa raha. Mume wangu hunichemshia chai kabla sijafumbua macho. Mjomba, nimepata mume!

Sasa kaa peke yako usome. Nimeandika kwa sababu simu yako unaichajia dukani kwa Fundi Sauti, na chochote nikikuambia humo atakisikia, na habari yenyewe inamhusu.

Ile redio ya Babu aliyorudi nayo vitani, uliyotuzawadia harusini, Fundi ndiye aliyeisafisha na kutuletea. Aliponikabidhi alisema, "Bibi harusi, hiyo ya kutazama tu. Msiifungue, itawafia." Mimi nikacheka. Mume wangu hakucheka; naye si fundi redio?

Jumapili mchana tukaanza na kibao cha namba, kimefifia hakisomeki. Mume wangu akaweka karatasi juu yake, akasugua penseli taratibu, nami nimeegemea bega lake. Ikatokea: 4417. Nikaruka! Babu alinikaririsha namba hiyo kabla sijajua jedwali la mbili. Nikambusu hata penseli ikaanguka.

Yeye macho yako kwenye skrubu. "Mke wangu, kibao kizee hivi, skrubu mbona zinang'aa?" Akasema redio za aina hii alizowahi kufungua zilipigwa namba ileile kwenye bati la ndani, nyuma ya betri. Akafungua. Palikuwa pamepakwa rangi mpya, hapo tu. Akaiondoa kwa pamba na spiriti, akapaka unga wa chaki, akamulika tochi kutoka ubavuni. Ikajitokeza: 2093.

Mjomba, kibao ni cha Babu. Redio si ya Babu.

Labda namsingizia mtu. Nimejiambia hivyo siku tatu. Lakini miezi miwili yote Fundi aliyokaa nayo, ni ya kufuta vumbi tu? Na yule mnunuzi wa vitu vya zamani uliyesema anashinda pale, anafuata nini? Nahofia ya Babu ingali kwa Fundi, inasubiri kuuzwa.

Nenda kwa Fundi kama mtu aliyefuata simu yake. Tazama rafu zote. Ukiona redio ya kijani yenye matundu manne matupu ya kufungia kibao, usiseme neno, wala usiiguse. Piga soga, cheka naye, urudi nyumbani. Mume wangu anataka kuifungua mwenyewe, mbele ya Fundi, watu washuhudie 4417 iliyopigwa ndani.

Bibi asijue kwanza. Kaipangusa redio ile miaka yote tangu Babu atutoke, akisikia hatalala.

Wasalimie mapacha na dada yangu mshonaji, mwambie gauni lilisifiwa na kila mtu. Mungu awafunike kwa heri, na awafumbe macho wanunuzi wote mpaka tufike. Maana tunakuja, Mjomba, mimi na mume wangu na bisibisi yake, kabla mwezi huu haujaisha.

Mpwa wako akupendaye kuliko jana,
Bibi Harusi