Anamuuliza Ini Lake Likoje

Nusra pokea simu!!

Baba Hirwa kaenda kukata ndizi, simu kaiacha mezani. Ikaita, nikapokea. Sauti ya mwanamke, laini hiyo: "Umeamkaje? Ini lako likoje leo?"

INI LAKO, Nusra! La mume wangu!

Nikamporomoshea matusi. Ya Kiswahili yalipoisha nikahamia Kinyambo. Akasubiri nimalize. "Mama, mimi ni nesi. Mumeo yuko kwenye utafiti wetu wa dawa ya homa ya ini. Hajakwambia?"

Hajaniambia! Mimi kanidanganya eti vidonda vya tumbo.

Na kunywa pombe yake ya rubisi? Nimemwomba aache tangu anioe, ananicheka tu. Huyu nesi anasema kamwambia mara moja, kaacha! Hapo alinikata maini.

Nikamuuliza, umemfanyia nini? Akajibu taratibu, "Nilimwambia anaweza kukuambukiza wewe. Akalia. Njoo tukupime, kama huna tukuchanje."

Mume wangu kalia, Nusra. Mbele yake, siyo mbele yangu.

Kesho naenda kupimwa. Naogopa jamani.

Ila navaa kile kitenge kipya. Lazima yule nesi amuone mwenye hilo ini.