Mtani Aliyekatazwa Kukuzika

Ndahani, Mgogo wangu,

Barua tulizofundishwa shuleni, kabla sijaishia darasa la nne, zilianza kwa "mimi ni mzima, hofu ni kwako." Leo nimekwama hapo hapo mwanzoni. Wewe ndiye uliye chini ya udongo, mgonjwa ni mimi, na bado anayemwonea mwenzake wivu ni mimi. Ndiyo, wivu. Nimeshaandika, sifuti.

Kwanza nakuonea wivu kwa namna ulivyoondoka. Umekaa barazani na kikombe cha kahawa, unamsema mtu ambaye hayupo, mara kimya. Hata kikombe hukukiangusha. Hakuna sindano, hakuna kadi ya kliniki, hakuna binti anayekukagua kucha kama mtoto wa chekechea. Mimi viungo hivi vinanitafuna mwaka wa saba, wewe ukasimamisha moyo ukaenda zako. Uungwana huo?

Lakini ninayemwonea wivu mkubwa si wewe. Ni Mayunga wa Nzega.

Unamkumbuka, yule Mnyamwezi mwenzangu anayeleta magunia ya mahindi sokoni, ambaye wewe na yeye mlijuana kwa salamu tu. Ndiye aliyekufanyia utani mazishini. Ndiye aliyevaa koti lako la kaki, akaweka kofia yako upande kama ulivyokuwa ukiiweka, akaiga mwendo wako mbele ya jeneza, akashuka kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Mayunga! Kazi hiyo ilikuwa yangu, Ndahani. Nimekuwa mtani wako miaka zaidi ya thelathini. Babu zako waliwauzia maji babu zangu wakipita Ugogo na pembe za ndovu mabegani, na tangu hapo sisi tuna haki ya kuwatukana mkiwa hai na kuwazika mkifa. Kisima kilikuwa chenu, koleo ni letu. Nilikuwa nimeshajipangia nitakachosema. Ningeanza na siku ile uliyokwenda kuposa, ukaingia nyumba ya jirani, ukala wali wao wote, ukanawa, ndipo ukauliza, "Binti mwenyewe yuko wapi?" Wenye nyumba walikuwa na watoto wanne, wote wa kiume.

Na aliyenizuia ni wewe.

Sisahau ulivyonilinda, ingawa ulinilinda kwa matusi. Daktari, yule dada mpole wa kliniki, alipotueleza kwamba baridi yabisi yangu ni ile ambayo mwili unajigeuka na kujishambulia wenyewe, uliuliza kwa sauti, "Kwa hiyo hata mwili wake umemchoka?" Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema dawa itautuliza mwili usijishambulie, ila hapo hapo itaupunguzia nguvu ya kupigana na vijidudu. Wewe hukuelewa. Mimi nilielewa upesi, maana nimechonga mizinga tangu ujana, kabla vidole havijawa kama mizizi ya tangawizi. Nilikwambia njiani: nyuki wangu wamegeuka, wanamuuma mwenye mzinga. Dawa ni moshi. Ukiwapulizia wanatulia, mwenye mzinga anapumua. Lakini nyuki aliyelewa moshi hamwoni mwizi. Siku hiyo ulinibebea mfuko wa dawa mpaka tukafika mtaani kwetu Gongoni. Sijawahi kukuona umembebea Mnyamwezi mzigo.

Kuanzia hapo ukajifanya mlinzi wa mzinga. Kila Ijumaa jioni unasimama nje unapiga kelele, "Mpagazi! Leo siku ya mzigo wako!" mtaa mzima ukajua siku yangu ya vidonge. Nilipotaka kuvimeza kila siku ili nipone haraka, ulininyang'anya kopo ukalikalia. "Imeandikwa mara moja kwa wiki. Au darasa la nne hawakufika kwenye wiki?" Baadaye daktari aliniambia kwamba ningevimeza kila siku vingeweza kuniua. Sikukwambia. Sikutaka uvimbe kichwa.

Na mikono! Nilikatazwa kushikana mikono hovyo, hasa watu wakiwa na mafua. Tukitoka msikitini unatangulia mbele yangu, unawapa watu mkono wako, unasema, "Mkono wa Maganga ni huu hapa, wa kwake uko matengenezoni." Watu wakacheka, wakakupa wewe salamu zangu zote. Ulinawa mara moja ukaingiza vidole kwenye sinia na watu wanane, mimi na sahani yangu pembeni kama mgeni wa serikali. Ukanywa maziwa mabichi yenye joto la kiwele, yangu yanachemshwa mpaka yanakata tamaa. Unakohoa kidogo, unacheka. Mimi nikikohoa, Zuhura binti yangu anashika simu. Ndahani, nilikuchukia kwa raha zako. Nilikuwa nakutazama unalamba vidole na nasema moyoni, huyu Mgogo hajui hata alichonacho.

Ndiyo maana nilifanya ule ujinga. Kwenye hitma ya jirani yetu mwaka jana, nilichoka kukaa pembeni. Nikaingia katikati, nikashika kila mkono ulionijia, nikala sinia moja na watu wawili wanaopenga kamasi. Kwa siku moja nilikuwa mtu. Siku chache baadaye homa ikaja nikaificha. Siku nne nimeificha! Nilikuwa nikimwambia Zuhura ni jua. Mlipokuja kunibeba nilikuwa siwezi kumaliza sentensi, kichomi kimekaa mapafuni.

Wewe ulikaa kando ya kitanda kile cha hospitali siku zote. Zuhura yupo, ndiye shahidi. Ukaniambia, bila mzaha, kitu ambacho hukunifanyia tena: "Apa, Maganga. Mimi nikitangulia, usije ukajichanganya na watu kunizika. Ukija, naamka nakuzika wewe kwanza." Nikaapa. Nikaapa haraka, kwa ujanja, kwa sababu nilikuwa na hakika nitakayetangulia ni mimi.

Ukanifanyia hila, ukafa.

Wiki ile mafua mabaya yalikuwa yameingia kila nyumba. Hata waliokuwa wanakusomea walisoma mstari wakakohoa mstari. Nimevaa kanzu, nimefika mlangoni, Zuhura amesimama.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Kumzika Mgogo wangu."

"Uliapa."

Neno moja tu. Nikamtukana, nikatukana dawa, nikakutukana wewe. Mwisho tukapatana: nitakaa ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, na barakoa, kwenye kiti changu, peke yangu. Basi nikakaa kama mtu anayesubiri basi, na mtani wangu amelala pale kwenye jeneza hatua arobaini kutoka kwangu.

Halafu Mayunga akatoka na koti lako.

Nakiri, kofia aliiweka sawasawa. Hata kile kikohozi chako cha kujidai alikipata. Watu wakaanza kutabasamu na mimi nikaumia kama mume anayemwona mkewe anacheka na mwingine. Kisha akaanza kutembea. Anachechemea mguu wa kushoto! Wewe ulikanyagwa na ng'ombe mguu wa kulia, tangu hatujaota mvi, mji mzima unajua, yeye anaburuza wa kushoto na hakuna aliyemsahihisha! Nikasema nitanyamaza. Nikashika kiti. Sikunyamaza.

"Mguu wa kulia, wewe mbeba mahindi!"

Wote wakageuka. Shehe akageuka. Mayunga akajikinga jua na mkono. "Nani huyo anaongea kama dumu lililofunikwa?"

"Mwenye kazi yake!"

"Kama ni yako, vuka uichukue!"

Nilisimama, Ndahani. Mguu mmoja ulikuwa umeshashuka kibarazani. Nilikuwa naliona koti, naona nafasi yangu imeachwa wazi kabisa katikati ya watu, na watu wenyewe wananitazama wananitaka. Zuhura hakunishika. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Baba, ukivuka, najua nitakuja kukaa kando ya kitanda kile tena. Na safari hii sina baba Ndahani wa kukaa naye." Bajaji ikapita barabarani, kati yangu na wao. Ilipopita nilikuwa bado niko upande wangu.

Nikawapigia kelele: "Sivuki! Wagogo waliwazuia babu zangu njiani mpaka walipie maji. Leo Mgogo amekufa na bado ameniwekea kizuizi barabarani!"

Wakacheka. Kicheko kikaanzia kwa wanaume kikaingia uani, na huko nikaisikia sauti ya shemeji yangu Bi Sauda, mkeo, iliyokuwa haijasikika tangu ulipokata roho. Alicheka, kisha akalia, lakini alianza na kucheka. Nikaona hapo hapo niwatolee ile ya posa. Nikaisimulia yote kwa kupayuka kutoka ng'ambo, na Mayunga, sijui nani alimfundisha, akawa anaifuata kwa vitendo: anaingia nyumba isiyo yake, anakula, ananawa, anauliza binti. Mdomo wangu, mwili wake. Shehe mwenyewe alificha uso kwa kanzu.

Unadhani nilifurahi? Nilifurahi. Kisha wakakubeba wakaondoka, na yeye akaondoka nao. Alishuka kwenye kaburi lako akalala mahali pako. Jogoo akapewa. Sinia akala. Mimi nikakunja kiti changu, Zuhura akanimiminia maji ninawe mikono ambayo haikushika mtu yeyote.

Nikasema basi, arobaini yako ni yangu. Uani kuna hewa, mafua yamepungua mtaani, Mayunga atakuwa kwao Nzega. Daktari mwenyewe nilimwuliza, akasema nikikaa mahali pa wazi, mbali kidogo na watu, nisile chombo kimoja na mtu, naweza kwenda. Nikatengeneza maneno mapya, makali, mengine hata sitayaandika hapa maana Zuhura atasoma.

Asubuhi ya arobaini nikaamka natetemeka.

Mtu akikwambia ninayo akili, mwambie ulivyonijua. Nilikaa kitandani na vidonge viwili vya kutuliza homa kwenye kiganja. Nilijua nikivimeza, jasho litatoka, uso utapoa, nitafika kwako, nitasema yangu, halafu kitakachokuja kije. Hakuna aliyekuwa ameamka. Wewe hupo wa kunikalia kopo. Nilivitazama vile vidonge muda mrefu mpaka vikaanza kuyeyuka kwa jasho la mkono. Ndahani, nilitaka kwenda. Usifikiri niliamua kwa hekima. Nilikumbuka tu nilivyokuwa navuta pumzi kwenye kile kitanda, kama mtu anayenyonya hewa kwa mrija ulioziba, nikaogopa. Nikaita, "Zuhura, nina homa."

Alikuja mbio bila kilemba.

Kliniki walinikagua mwili mzima. Kumbe ni mguu: bati la kibanda lilinikwaruza, kidonda kidogo kama punje ya mtama, nikakipuuza. Kwa mtu mwingine kingekauka. Kwangu kilikuwa kimevimba na kuanza kupanda. Daktari akasema, "Mzee, leo umewahi." Akanipa dawa ya kuua vijidudu, akanikataza vidonge vya Ijumaa mpaka yeye mwenyewe aseme nirudie, akanionya nisijiamulie kuacha wala kuanza. Umewahi. Sijawahi kusifiwa kliniki. Nikatafuta wa kumringia, nikamkosa.

Arobaini yako ikasomwa bila mimi. Na Mayunga alikuja! Alitoka Nzega na basi la alfajiri. Zuhura alipita kwa Bi Sauda jioni, akarudi akanikuta najifanya nimelala. Akasema gizani, "Alichechemea wa kulia." Nikageukia ukutani. Sijui kama nilikuwa nalia kwa uchungu au kwa kuwa hatimaye ulitembea sawasawa.

Juzi amenitumia salamu na ujumbe kwamba nimfundishe zaidi, eti maneno yangu ana hamu nayo. Nitamfundisha, lakini si yote. Yako mengine nakaa nayo mimi.

Kidonda kimefunga. Kesho kutwa, asubuhi, wakati makaburini hakuna mtu, nitakuja na Zuhura akae kwa mbali. Nitakwambia yale niliyoyaandaa, yote, hakuna shehe wa kuficha uso.

Nakuaga na nakuahidi moja. Homa sitaificha tena, hata ikija siku ya sherehe. Nitanawa, nitachemsha, nitakaa pembeni, nitaona wivu, nitaishi. Tena naishi kwa makusudi. Ulizaliwa mwaka mmoja kabla yangu, na kwa mwaka huo mmoja ulinitoza shikamoo maisha yetu yote, hata mbele ya wajukuu. Sasa umri wako umesimama, wangu unatembea. Mwakani tutakuwa sawa. Mwaka unaofuata nitakuwa mkubwa wako. Usinisubiri mlangoni na usiulize mbona nachelewa. Siku nikija, utasimama, utavua kofia, utaniambia shikamoo, na mimi nitaweka kwanza kiti changu, nikae, ndipo niitikie.

Mtani wako,
Maganga