Nilimshuku Bibi Yake Nasri

Jumapili, Mkomaindo. Joto limeanza mapema, hakuna upepo, na moshi wa korosho zinazochomwa nyuma ya nyumba za watu umeganda hapa mtaani tangu asubuhi. Nimefunga madirisha. Mwanangu Nasri amelala, bibi yake yuko pembeni yake, na mimi nimeshaingia mara nne kusikiliza kifua chake.

Naandika huku nimejichukia.

Nasri ana miaka miwili na nusu. Mwaka mzima alikuwa anavimba midomo na kutapika. Tukaambiwa minyoo, tukaambiwa joto, na mama mkwe wangu kule Chilangala akasema mtoto katupiwa kitu. Mwishowe dada yangu akatuita Dar. Daktari wa watoto akamdondoshea matone ya vyakula mkononi, akamchoma kidogo kidogo juu yake, na ngozi chini ya tone la korosho ikafura palepale. Aleji, akasema. Asiguse korosho hata chembe. Akatupa dawa ya kumpa akianza kuwashwa, na kifua kikibana tusingoje, tukimbie hospitali akachomwe sindano.

Korosho! Mtoto ambaye hata chakula cha arobaini yake kilipikwa kwa korosho.

Tulipompigia simu mama mkwe, alicheka. "Mmakonde wa wapi huyo, akataliwe na korosho?" Kicheko kile nilikiweka moyoni.

Nikamkataza mume wangu asimwambie mtu mwingine yeyote. Majirani nacheka nao, lakini mioyo yao siijui, na mtu akishajua kuwa kitu kidogo namna hiyo kinaweza kumuua mwanao, umeshamkabidhi panga. Ndivyo nilivyowaza. Ukiacha dada yangu wa Dar, tukabaki tunajua watatu tu: mimi, Baba Nasri na mama yake. Mashineni nikaacha kwenda, maana wanasaga unga wa lishe uliochanganywa na korosho. Mchele wa uji wa Nasri nautwanga mwenyewe.

Miezi mitatu, kimya.

Wiki iliyopita mama mkwe akaja kutulelea mtoto, kwa kuwa mimi nashinda sokoni kwenye cherehani. Jumanne Nasri akatoka vipele mwili mzima. Ijumaa kifua kikaanza kupiga filimbi, tukakimbia naye hospitali, akachomwa sindano ndipo pumzi ikamrudi. Mara mbili ndani ya wiki moja, na bibi yupo. Nilitaka ushahidi gani tena?

Nikawa nanusa vidole vya mwanangu nikirudi kazini. Namuuliza bibi mtoto kala nini, halafu namuuliza mtoto vilevile, nione kama watapishana. Jana alasiri, mama alipokuwa anaswali, nikafungua mzigo wake. Kanga, kitana, tasbihi, sabuni mpya. Nikapapasa mpaka kwenye pindo za kanga. Hakuna hata ganda la korosho. Badala ya kuona haya nikawaza, huyu mama anajua kuficha.

Leo asubuhi nilikuwa naanza kutwanga mchele, akaja kunipokea mchi. Akainama kwenye kinu, akanusa. Akapitisha kidole chini kabisa, kikatoka kinang'aa mafuta.

"Kinu hiki kimetwangiwa korosho," akasema.

Kinu changu kinazunguka mtaa mzima, huku kwetu humnyimi jirani kinu, na msimu wa korosho ndio kwanza umeanza. Jumatatu na Alhamisi nilimpa Mama Zuhura wa nyumba ya pili kwa mikono yangu mwenyewe, na kisamvu chake nilikiona kilivyonona, kumbe kwa korosho. Kinu alikirudisha kimepanguswa vizuri. Nikakisuuza kwa maji, kama tunavyosuuza vinu sote, nikatwanga mchele wa mwanangu. Na mafuta ya korosho yalishaingia kwenye mti.

Aliyekuwa anamlisha ni mimi.

Mama mkwe hakunicheka. Alikiegemeza kinu ukutani, akasema taratibu: "Mama Nasri, ule mzigo ungeniambia nikufungulie mwenyewe. Nilicheka siku ile, ndiyo. Lakini tangu siku ile sijatia korosho mdomoni, nisije nikambusu mjukuu wangu."

Mchana nikaenda kwa Mama Zuhura, nikamweleza yote. Akashika mdomo, machozi yakamtoka. "Sasa mbona hukuniambia, jirani yangu?" Nikamjibu kwamba nilipitiwa. Uongo mtupu. Nilikuwa namwogopa yeye.

Baba Nasri ameenda kutafuta kinu kingine, na hicho hakitatoka mlangoni kwangu. Mtaa mzima utajua sababu, nitaisema mwenyewe. Hilo naliweza.

La mama ndilo linalonishinda. Tangu asubuhi tunapishana uani kama wageni. Kesho kabla ya kila kitu nitampigia magoti nimwamkie, nimwombe radhi bila kuzungukazunguka.

Nikisema shikamoo, sijui kama ataitika.