Injini Niliyokuandikia Bila Kuiona

Chumba cha tatu,
Nyumba ya nyuma ya stesheni.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limepunguza ukorofi tangu mvua zikatike. Binamu yangu anasema siku hizi unashuka ngazi bila kushikwa mkono. Kama ni kweli, Mungu ashukuriwe. Kama ni wewe uliyemwambia aseme hivyo, nakujua. Sisi huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo, lakini sauti ya kunigombeza iko palepale.

Barua yako ilifika Jumanne. Mama aliisoma kwa sauti, mara mbili: kwamba unakuja mwisho wa mwezi, kwamba umeshaitoa suti kabatini, kwamba unataka kusimama nami darajani uione injini yako 2914 ikipita, na baada ya hapo hata ukifa utakufa umeridhika. Mama alilia kwa furaha ya kumpokea kaka yake. Mimi nikasema nakwenda kununua chumvi, na chumvi ilikuwapo tele.

Mjomba, sikuiona injini yako.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini maelezo yake ni marefu, kwa hiyo nivumilie. Unajua kila Jumamosi tunasimama juu ya daraja la stesheni, mimi, Fundi Saa na yule mwalimu mstaafu, tukiandika namba za injini zinazoingia na kutoka. Abiria wanatupita mbio na mizigo yao na kutuona hatuna akili timamu. Jumamosi ile nilichelewa. Nilipofika juu nikihema, jukwaa la nne limefurika watu, na mkia wa treni ya mizigo ndiyo kwanza unapotelea kwenye kona. Fundi Saa akanidaka bega. "Umekosa uhondo wewe! Ile 2914 ya mjomba wako imepita sasa hivi!"

Ni wewe uliyenifundisha, nikiwa bado nakufika kiunoni: jicho kwanza, kalamu baadaye, namba ambayo hukuiona ni ya mwenzio. Miaka yote hiyo nimeishika sheria hiyo. Lakini injini uliyoiendesha miaka kumi na tisa, uliyokuwa ukichemshia chai yako humo, nimeitafuta tangu ulipostaafu. Wivu ukanipanda, nikaiandika daftarini.

Laiti ningeishia hapo. Nikakuandikia kurasa tatu: rangi ya kijani ingali inang'aa, honi ni ileile, dereva kijana kanipungia mkono. Hata huyo dereva nilimbuni, Mjomba. Nikamvika na kofia.

Wiki tatu baadaye Fundi Saa akaja na miwani mipya, uso umemshuka. Mwalimu alikuwa amemwonyesha daftari lake: ilikuwa 2974. Mzee wa watu akaifuta namba yake mbele yetu, akatuomba radhi. Na mimi nikampigapiga mgongoni, nikamwambia kukosea ni ubinadamu! Daftari langu lilikuwa kwapani, sikulifungua. Yeye alikosea kwa macho mabovu; yangu ni mazima. Kila nikiukumbuka mkono wangu juu ya mgongo wake natamani ardhi ipasuke initie ndani.

Barua yako ilipokuja nilitafuta pa kutokea. Nilifikiria kukuandikia kwamba imehamishiwa njia nyingine. Jana, badala ya kwenda darajani, nikaenda karakana kumuuliza mtunza stoo. Hakufungua hata kitabu. "Hiyo tuliikata vyuma chakavu mwaka juzi," alisema. Kisha akaniona nimeganda mlangoni, akachukua funguo zake na kuniambia nimfuate.

Sijui kulilainisha neno hili. Nakuomba usipande treni kwa ajili ya yale niliyokuandikia. Ukija, uje kwa ajili ya Mama, na mimi utanikuta jukwaani, unifanye utakavyo. Usipokuja, sitauliza sababu. Mama hajui bado. Nitamwambia nikishaitumbukiza hii kwenye sanduku la posta, maana nikitangulia kumwambia atanizuia nisikuvunje moyo, nami nitakubali upesi mno.

Nisalimie binamu yangu na shemeji, na wale pacha wao wanaokufichia fimbo. Mwalimu anakusalimu. Fundi Saa naye anakusalimu. Nilimweleza yote jana jioni. Akanipa kalamu yake niifute namba ile.

Mungu akupe goti la ujana na akujalie moyo mpana kuliko ninavyostahili.

Wako akupendaye, na aliyekukosea,

Mpwa wako.

Nanakili hapa mstari mpya wa daftari langu, uuhukumu wewe:

2914. Jumamosi, saa tatu na robo asubuhi. Nyuma ya karakana, kwenye majani. Magurudumu hakuna, mtambo hakuna; kimebaki kibanda cha dereva. Rangi imebabuka. Juu ya dirisha la kushoto ipo ndoano ya waya uliyoikunja mwenyewe kutundikia birika. Nimeiona kwa macho yangu.