Ijumaa ya Chuo, Jumapili ya Ng'ombe

Titye, Jumatano, Machi 1976

Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa haijakata. Ni ile mvua yetu ya huku juu, nyembamba, ya baridi, isiyo na haraka yoyote. Nimekaa kibarazani nimejifunika kitenge cha mama, naandika mapema kwa sababu mafuta ya taa hayapo dukani tangu wiki iliyopita, na giza likiingia ndiyo basi tena.

Leo sina la kukuficha, shajara. Nimeharibu.

Tangu nimalize kidato cha nne nina vyuo vitatu kichwani, navigeuza kila siku kama mtu anayechagua viazi sokoni. Cha kwanza ni chuo cha ualimu cha serikali. Hicho hakina ada. Serikali inakulisha, inakulaza, hata nauli inakupa. Kasoro yake ni moja tu, hakijanijibu. Kila Jumatatu nakwenda Kasulu mjini kwa Afisa Elimu kuangalia kama majina yamebandikwa, na karani wa pale, mtu wa Tanga mwenye sauti ya upole, ananiambia bado, binti, wizara haijaleta. Amenizoea kiasi kwamba siku hizi akiniona mlangoni anatikisa kichwa kabla sijamwamkia.

Cha pili ni chuo cha biashara huko Tabora, cha kupiga chapa na kutunza hesabu. Hao walinikubali upesi mno, jambo ambalo lingenitia shaka kama nisingekuwa narukaruka kwa furaha. Ada yake ni kubwa, bweni hakuna, na Tabora hatuna hata ndugu wa kusingizia. Nilipomsomea baba barua yao aliuliza swali moja, nitalala wapi. Tabora ikaishia hapo.

Cha tatu ni shule ya wauguzi ya misheni, upande wa Kibondo. Hiki ndicho nikitakacho. Nilikitaka tangu mama alipolazwa huko na mimi nikakaa naye wodini, nikimtazama muuguzi mmoja aliyepita vitanda vyote bila kukunja uso, hata kwa yule bibi aliyekuwa akimtukana. Wamenikubali. Ada yao si ya kutisha kama ya Tabora, lakini nusu lazima ilipwe siku ya kuripoti, na siku ya kuripoti ni Ijumaa hii. Asiyefika na nusu yake, nafasi anapewa mwingine. Wameandika hivyo kwa upole, lakini wameandika.

Rafiki yangu Leonia ameitwa huko huko. Wazazi wake walikimbia kutoka Burundi, sasa wanauza dagaa sokoni Kasulu. Uraia bado hawajapata, kwa hiyo vyuo vya serikali Leonia hakuwahi hata kuviota. Alikuwa na mlango mmoja tu, na wazazi wake wameuza mbuzi wote ili aupite. Mimi mwenye milango mitatu nilikuwa namwonea huruma. Kesho anapanda basi la Kibondo na sanduku lake la bati. Jumatatu aliniuliza kama anishikie kitanda karibu na chake. Nikamwambia nishikie.

Nilisema hivyo kwa mdomo mpana kabisa, wakati nyumbani hatuna kitu. Malipo ya kahawa hayajafika kijijini. Mwenyekiti anasema yatafika, na kabla ya Krismasi alisema hivyo hivyo. Kilichokuwa kimebaki ni Gaju.

Gaju ni ng'ombe wetu, mwekundu kama udongo wa hapa, na kusema kweli si wetu. Ng'ombe aliyemzaa mama yake Gaju, marehemu babu alipewa na ukoo wa Mzee Ruhaga wa Nyakitonto. Kwetu tunaita kugabirwa. Mwenye ng'ombe wengi anakukabidhi mmoja, unamfuga, maziwa yako, samadi yako, ndama wengine wako na wengine wanarudi kwake, na wewe unakuwa mtu wake, wa kumtembelea na kumsaidia. Wakati wa operesheni, tulipohamishiwa hapa kijijini, tuliacha migomba na tukaacha kaburi la babu, lakini Gaju alitembea na sisi. Ng'ombe wa namna hiyo huwezi kumuuza bila neno la aliyemtoa.

Na neno hilo haliombwi kwa siku moja. Safari ya kwanza unakwenda na mtungi wa pombe ya ndizi, unaamkia, mnazungumza habari za mvua na maharage, unarudi. Safari ya pili unakwenda tena na mtungi, unasema nyumbani kuna mambo, lakini husemi mambo gani. Safari ya tatu ndiyo unaomba. Nilipokuwa mdogo niliona ni mchezo wa wazee wanaopenda pombe. Shuleni, kwenye somo la siasa, nikafundishwa kuuita ukabaila, na neno hilo nililipenda sana.

Baba alikwenda safari ya kwanza mara tu barua ya misheni ilipofika. Jumapili iliyopita akaenda ya pili. Ya tatu ni Jumapili ijayo, na chuo ni Ijumaa.

Unaona mwenyewe.

Nilimwambia baba, kwanza kwa heshima, kisha kwa heshima kidogo. Nilimwomba aende mapema, aunganishe safari, aseme yote kwa mara moja. Alikuwa ananoa panga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ruhaga hana Ijumaa, mwana wanje." Kisha akaendelea kunoa. Mama alikwenda nyuma ya nyumba kuangalia ndizi alizozifukia shimoni ziive kwa ajili ya mtungi wa tatu.

Basi jana nilitoka kabla hakujapambazuka. Nilimwambia mama nakwenda Kasulu kwa karani, na akanifungia viazi viwili vya njiani, vya moto. Nikashika njia ya Nyakitonto.

Nilifika jua limepanda, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Sikuwa nimebeba chochote. Mzee Ruhaga ni mtu mfupi, mkavu, amevaa koti kubwa la zamani lililopitiliza magoti. Alinipokea vizuri. Mkewe akanipa kigoda na kibuyu cha maziwa ya mgando, akarudi kupepeta maharage yake. Mzee akauliza habari za nyumbani, nami nikajibu njema, njema, haraka haraka, kama mtu anayesukuma mbuzi kutoka njiani. Halafu nikasema. Nilisema vizuri, shajara. Nilisema kama kwenye mdahalo wa shule, hoja ya kwanza, hoja ya pili, chuo, Ijumaa, nusu ya ada, Gaju. Nilimwonyesha hata barua, na mzee hajui kusoma.

Mkewe akaacha kupepeta. Kisha mzee akaniuliza kwa Kiha, polepole, kama mtu anayeogopa jibu:

"Baba yako amefariki lini?"

Nilidhani ni uzee. Nikamjibu kwamba baba ni mzima kabisa, nimemwacha nyumbani. Ndipo nikaona jinsi mke wa mzee alivyoinamisha uso kwenye ungo, nikaelewa. Kwetu mtoto haji peke yake kuzungumzia ng'ombe wa baba yake ila baba akiwa kaburini. Anakuja bila mtungi, kwa sababu mfiwa hatengenezi pombe, anaketi, anasema ng'ombe yule aliyekuwa kwa baba, tufanyeje, na aliyemtoa ndiye anayeamua kama abaki au arudi kwake. Nilikuwa najua. Wakati babu alipofariki, baba mwenyewe alikwenda hivyo, mikono mitupu, na mimi nilimwona akitoka. Najua jambo hili kama ninavyojua njia ya kisimani, na njia nzima halikunijia hata mara moja, kwa sababu nilikuwa nakariri hoja zangu.

Nimemzika baba yangu akiwa hai.

Mzee Ruhaga hakunikaripia. Alinisindikiza mpaka mwisho wa migomba yake, akasema, "Mwambie baba yako nimesikia." Nilirudi giza limeingia. Mama akauliza karani amesemaje, nikasema bado. Maneno ya mzee sikuyafikisha. Nilijiambia nitamwambia baba asubuhi, akishakunywa uji.

Asubuhi ilinitangulia. Uji haujachemka tukamwona Zakayo, mtoto mkubwa wa Ruhaga, mtu mzima mwenye watoto wake, anakuja na mvua, kamba begani. Alikataa kuingia ndani. Aliamkia vizuri, akasimama chini ya paa, akamwambia baba kwamba mzee amepata ujumbe na amemtuma kuchukua ng'ombe. Baba akauliza ujumbe gani. Zakayo akanitazama mimi, na baba naye akanitazama. Mara moja tu. Hajanitazama tena mpaka saa hii ninapoandika.

Hakubisha. Aliingia zizini mwenyewe, akamfungua Gaju, akampa Zakayo kamba kwa mikono miwili. Akampiga Gaju kofi dogo la mgongoni, lile la kila siku la kumpeleka malishoni, na Gaju akatoka bila wasiwasi akidhani anakwenda kula. Ndama akafuata.

Nilimkimbilia Zakayo mpaka barabarani. Sijui nilitaka kumwambia nini. Nafikiri nilitaka anitukane. Yeye alisimama tu kwenye mvua, akanionea huruma, na huruma ile ndiyo imenimaliza.

"Mzee alijua tangu safari ya kwanza," akasema. "Alishatuambia nyumbani, Jumapili akiomba, nitampa. Alitaka na mimi nimpeleke mnadani nimsaidie kuuza."

Nikamwambia Jumapili ningekuwa nimeshachelewa. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama niliwaomba watu wa chuo wanisubiri siku mbili.

Sikuwaomba, wala halikunijia. Kibondo kuna watawa wale wale waliomruhusu mama abaki wodini wiki nzima ya ziada kwa sababu mvua ilikatisha njia. Ningeweza kuwaandikia, ningeweza kumtuma Leonia aseme mwenzangu yupo njiani. Lakini barua yao ina mhuri, na mhuri niliuogopa. Mzee Ruhaga hana mhuri, basi nikaona yeye ndiye wa kuharakishwa. Miaka yote hii ya shule nimejifunza nani wa kusubiriwa na nani wa kusukumwa, na sikujua kwamba nimejifunza hilo.

Sasa hata wakinisubiri mwaka mzima, nitapeleka nini? Zizi liko wazi. Nimekaa hapa nalitazama, maji yanajaa kwenye alama za kwato. Maziwa ya asubuhi hii ndiyo ya mwisho, na samadi iliyobaki haitafikisha migomba yetu michanga kiangazi. Nilikuwa najiona mtu anayelinganisha vyuo. Nilichofanya ni kuwaondolea wazazi wangu kitu pekee ambacho babu aliwaachia. Sina neno zuri la kujifariji, na nikilipata sitaliamini.

Jumatatu nitakwenda tena kwa karani? Labda. Labda jina langu lipo kwenye bahasha huko Dar es Salaam, labda halipo. Wiki iliyopita wazo hilo lilinifanya nikose usingizi. Leo nalitazama kama linamhusu mtu mwingine. Nikichaguliwa niwe mwalimu, nitasimama mbele ya watoto niwafundishe nini?

Na Leonia. Kesho atafika Kibondo jioni, atatupa kanga yake juu ya kitanda cha jirani ili watu wajue kina mwenyewe. Ijumaa atakuwa anaangalia mlango. Hakuna namna ya kumfikishia habari kabla basi halijaondoka, na hata ingekuwapo sijui ningeandika nini.

Mchana baba alikaa jikoni muda mrefu. Nilipiga magoti mbele yake, nikasema nisamehe. Alisogeza kuni motoni. Afadhali angenichapa, ingekuwa rahisi kwa wote wawili. Baadaye, bila kuniangalia, akamwambia mama, "Jumapili nakwenda kwa Ruhaga."

"Kuomba?" mama akauliza.

"Kumwamkia."

Mama alielewa kabla yangu. Akanyanyuka, akaenda kufukua ndizi. Zimeiva vizuri, harufu yake imefika mpaka hapa kibarazani. Ananiita nikazikamue pamoja naye, na huu ni wito wa kwanza kutoka kwa mtu yeyote humu ndani tangu asubuhi, kwa hiyo namalizia upesi. Pombe hii ilikuwa ya safari ya tatu. Itakwenda kama ya safari ya kwanza, watazungumza mvua na maharage, na ng'ombe hatatajwa na yeyote, pengine kwa miaka.

Mama ameniambia mtungi nitabeba mimi. Nisiseme kitu chochote, niamkie tu, niketi karibu na mlango. Kazi yangu Jumapili ni kuonekana nikiingia kwa Mzee Ruhaga nyuma ya baba yangu, ili kila mtu pale aone kwamba yu hai.