Baba, Si Yote Ubwiri

Baba,

Nisamehe nimechelewa kukuandikia. Arobaini yako ilipita, nikajifungua, na kila nikishika kalamu mjukuu wako Zuhura analia. Sasa kalala kifuani, naandika kwa mkono mmoja.

Mikorosho yako ya Mtawanya inaumwa. Baba mdogo Salumu alikuja na shoka: "Yote ubwiri huo! Ikatwe, tuchome mkaa." Nami niliamini ni ubwiri, maana hata wewe kila doa uliliita hivyo. Nikapuliza salfa mti hadi mti, macho yanawaka. Maua yenye unga mweupe yakapona. Majani yenye madoa ya kahawia, wapi! Yakazidi kupukutika.

Bibi shamba alipofika akacheka. "Mama Zuhura, zote hizi ni kuvu, lakini kila moja na tabia yake." Unga mweupe ndio ubwiri, salfa inauweza. Madoa kwenye majani na korosho changa ni blaiti, inataka dawa ya maji. Ya tatu ndiyo inayoninyima raha: mnyauko. Unatokea ardhini. Linakauka tawi moja, kisha mti mzima, na ukibandua gome unakuta michirizi ya kahawia. Huo hauna dawa. Mti unang'olewa, unachomwa.

Mti wa mpakani, wenye mabibo ya njano uliyokuwa ukiniwekea, ulikuwa na michirizi. Na Baba... niliupogolea huo kwanza, kisha nikaingia na panga lilelile kwenye mingine minne. Wewe ulikuwa unaosha panga kila umalizapo mti, tunakucheka, "Baba analitawadhisha." Mimi sikuosha, huenda nimeuhamisha mnyauko kwa panga. Nilikuwa nawahi kunyonyesha.

Wa mpakani tumeuchoma palepale. Ile minne naikagua kila asubuhi, tawi kwa tawi. Mpaka leo bado mibichi. Baba mdogo nimemwambia, "Nakuheshimu, ila shoka lako liguse mti wenye michirizi tu." Kaninunia, lakini kanipa msimu huu mmoja. Ikishindikana, anakata shamba zima.

Pumzika, Baba. Mungu akupe nafasi huko. Nakuahidi, wenye mnyauko nitauangusha mwenyewe, hata ukiwa mmoja wa ile uliyoipenda. Usio nao, hauguswi na mtu nikiwa hai.

Kaka Hamisi yuko Dar, nimemwagiza. Vilivyobaki kuletwa ni bomba la mgongoni, dawa ya blaiti chupa mbili, glavu, na barakoa mbili: moja yangu, moja ya Baba mdogo, akikubali kunishikia ngazi nikipuliza.

Mwanao,
Mwajuma