Bafu la Kwenye Treni

Baba yangu Masunga,

Shikamoo. Najua hukuzoea kuandikiwa. Ulipokuwa hai, karatasi ikifika kwetu ilikuwa ya wito wa bomani, nawe uliikunja ukaichomeka kwenye nyasi za paa bila kumwomba mtu akusomee. Hii isikutishe. Ni mimi Minza, binti yako, nimekaa kwenye gogo nje ya zizi ulimozikwa. Ng'ombe wako wamelala juu yako kama ulivyotaka. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu katekista alinifundishia kusoma kwa lugha hiyo, na ndiyo uliyorudi nayo kutoka kwenye reli, ukawa unawatukania mbuzi wakiingia shambani.

Nina habari yako. Nimeliona bafu.

Mayu, mama yangu, aliponisikia nikisema hivyo aliweka chini mwiko akauliza, "Lipi?" Kama kwamba nyumba hii imewahi kuwa na habari ya bafu jingine.

Nitaanza mbali kidogo, maana napenda kuisimulia. Ulibeba mataruma ya chuma ya kulazia reli begani kutoka Tabora, ukapita Isaka, ukafika Shinyanga, reli ikiwa inatandikwa kwenda Mwanza. Ulirudi na kovu la bega, na kisa ulichopewa na Mnyasa mmoja aliyekuwa kundi lenu, mtu aliyefanya kazi kusini kabla ya kuja huku. Alikwambia kule kuna treni ambayo watu wanalala ndani yake kwenye mashuka, wanakula juu ya kitambaa cheupe, na ina bafu, mtu anaoga huku safari inaendelea. Wewe ukaja kulisema hilo kwenye pombe ya mavuno, mbele ya Limbu.

Baba, kati ya watu wote. Limbu, manju, mtunzi na mwimbishaji wa ngoma ya Bagalu, na wewe Mgika wa kuzaliwa, wa ngoma inayoshindana nao. Ulimpa ng'ombe aliyechinjwa tayari. Alikuuliza swali moja tu, "Na treni ikikata kona, maji hayamwagiki?" Ukainamia kibuyu chako cha pombe, maana Mnyasa hakukwambia. Mavuno yaliyofuata, uwanja mzima ukaimba: *Masunga, e Masunga, treni yako inaoga, je, maji hayamwagiki?*

Ulicheka nao mwanzoni. Mimi sikucheka. Kabula, msichana mwenzangu, alipouimba kisimani nilimmwagia mtungi mzima kichwani, nikamwambia ndivyo maji yanavyomwagika, na mpaka leo sijutii. Lakini wimbo wa manju mzuri hauchakai. Wimbo ulikaa mpaka siku ile ya kesi ya mtamba wetu mwekundu, uliposimama mbele ya wazee kusema ulimwona kwenye kundi la jirani kwa macho yako, na mtu mmoja nyuma akaanza kuuvumisha puani, polepole. Wazee wakainamisha nyuso wasicheke. Mtamba akaenda kwa jirani. Tangu siku hiyo hukutaja reli tena, hata treni ikipita ukiwa shambani hukuinua kichwa. Hilo ndilo lililoniuma, siyo mtamba.

Na ulipokuwa unaondoka duniani, ulinishika mkono ukasema, "Mnyasa yule hakuwa mtu wa uongo." Ulikuwa unamtetea yeye. Hukujitetea wewe.

Sasa sikiliza. Baada ya kukuzika nilirudi Geita, kwa yule bwana mhandisi wa mgodi wa dhahabu, ninakomlea mtoto wao Toni. Wakapata likizo ndefu ya kwenda kwao kusini, na Memsabu, mkewe, akasema hawezi safari bila yaya. Tukavuka ziwa mpaka Mwanza, tukapanda treni yako. Ndiyo, naiita yako. Tulipopita Shinyanga nilimwinua Toni dirishani nikamwonyesha mataruma ya reli, nikamwambia baba yangu aliyabeba haya begani. Ana miaka mitatu, hakuelewa, lakini mpaka Isaka alikuwa anasema, "Begani, begani." Memsabu akadhani anaumwa bega.

Kutoka Dar es Salaam tulikwenda kwa meli mpaka Beira, halafu reli ya Rodesia, siku nyingi za vumbi na mayai ya kuchemsha, mpaka Johanesbagi. Pale ndipo nilipoiona ile treni ya Mnyasa, imesimama inang'aa kuliko sufuria ya harusi. Milango yake ilifungwa taratibu, bila kelele. Kulikuwa na mazulia, Baba, yaani wamevalisha nguo hata mahali pa kukanyaga. Na vitambaa vyeupe mezani, na shuka zilizokunjwa pembe. Kila kitu Mnyasa alichokitaja nilikikuta mahali pake.

Sikufichi, hawakunipandisha kwa heshima. Ilikuwa treni ya Wazungu, na mtu mweusi aliingia kutandika na kufagia. Msimamizi alikataa nisipande, Toni akalia kilio kile chake cha kushikilia pumzi mpaka anageuka zambarau, na Memsabu akasema basi msimamizi amlee yeye. Wakanipa kijichumba mwisho wa behewa, pamoja na mafagio. Sahani yangu nililetewa humo. Nilikasirika, na bado nimekasirika. Lakini nilikuwa ndani.

Jioni, jua likiwa bado juu ya nchi ile kavu isiyo na miti, Memsabu akasema, "Minza, kamwogeshe mtoto." Nilimnyakua Toni kabla hajamaliza kusema. Mtumishi wa behewa, mzee mmoja mpole, akatufungulia mlango kwa ufunguo.

Lilikuwepo. Jeupe, refu, mtu mzima angeweza kujilaza. Lina mifereji miwili, na mmoja unatoa maji ya moto, sijui wanayachemshia wapi. Nikaketi sakafuni, nikacheka huku nalia, nikalitaja jina lako kwa sauti, mara mbili, humo bafuni, ili hata mabati yale yalisikie. Toni akanipapasa uso na mkono wake wenye jamu.

Nikamtia majini. Alifurahi, anapigapiga. Na treni ikakata kona.

Nitakuambia kilichotokea, lakini kwanza twende uwanjani, maana nilitaka wakisikie pamoja na wewe.

Tulirudi wakati wa mavuno. Niliomba ruhusa Geita nikaja nyumbani, na ngoma zilikuwa zimeanza. Unajua desturi yetu, wimbo wa manju haujibiwi nyumbani kwa mtu wala barazani kwa wazee, unajibiwa uwanjani, mbele ya waliouimba. Shangazi alinishika kanga akasema mwanamke haingii katikati kumjibu manju. Nikamwachia kanga.

Limbu amezeeka, Baba, lakini sauti anayo. Niliposimama mbele yake ngoma zikanyamaza. Nikasema mimi ni mtoto wa Masunga, nimepanda ile treni, nimeliona bafu, nimeogesha mtoto ndani yake huku safari inaendelea. Watu wakaguna. Wengine wakaanza kuuvumisha ule wimbo. Limbu akainua mkono wakanyamaza, akanitazama kwa jicho lile lile alilokutazama nalo wewe. "Mwanangu Minza, ikikata kona, maji hayamwagiki?"

Nikamjibu, "Yanamwagika."

Nikaeleza kwamba maji yaliinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza, yakampanda Toni mpaka kidevuni, yakaruka ukingo yakanilowesha mpaka magotini. Kwamba sakafuni kuna tundu la kuyatoa nje, lakini hayakuingia yote, mengine yakapita chini ya mlango, na yule mzee akaja na kitambaa akipangusa huku ananung'unika kwa lugha yao. Kwamba nilimshika mtoto kwapani na bafu lenyewe kwa mguu. Niliwaonyesha nilivyosimama, na wakacheka, lakini kicheko kingine, Baba, siyo kile.

Limbu hakucheka. Akakaa chini, pale pale mavumbini, na manju wa Bagalu hakai chini uwanjani mbele ya Bagika ila amekubali kushindwa. Akasema, "Mwongo angesema hayamwagiki."

Basi. Nikaenda kudai kanga yangu kwa Shangazi.

Asubuhi alikuja hapa nyumbani mwenyewe, akapiga hodi, akamwamkia Mayu "mwangaluka", akaomba aambiwe majina ya baba yako na babu yako, kwa maana wimbo wa sifa hautungwi bila ukoo. Mayu alimweka mlangoni muda mrefu bila kumpa kiti. Halafu akampa. Akamtajia majina yote, na sifa za ng'ombe juu, na nadhani aliongeza babu mmoja ambaye sijawahi kumsikia.

Juzi wimbo huo uliimbwa, hapa hapa mbele ya zizi, Bagika na Bagalu pamoja. Unamtaja Masunga aliyebeba chuma begani ili wengine wapite wamekaa. Unalitaja bafu. Mayu, ambaye hajaingia ngomani tangu siku ya mtamba, alivua viatu akacheza mabega mpaka Shangazi akamfuta jasho. Na yule jirani wa mtamba alikuwepo, akaimba kama wengine, macho chini. Nilihakikisha nimesimama karibu naye.

Ulisikia? Nadhani ulisikia. Ng'ombe walisimama wote.

Nakuaga sasa, Baba, lori la Geita linapita mchana. Kaa vizuri na mifugo yako. Mayu nitamtazama, na jina lako atapewa mtoto wangu wa kwanza wa kiume. Na ahadi nyingine ni hii, ya peke yetu. Iko siku nitapanda treni ile tena, bila mtoto wa mtu mkononi. Nitajifungia mlango nioge mimi, binti wa Masunga, nikiwa nimejilaza. Na yakimwagika, yamwagike.

Mwanao,
Minza